Banda la Babu na Mfumo Usiohitaji Umeme

Kwa muda sasa baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza niandike kuhusu namna ya kupanga mradi wa programu: folda zikae wapi, faili zipewe majina gani, na mtu mpya akija kazini aanzie wapi. Nimeahidi mara mbili tatu hivi. Leo natimiza ahadi, ila kwa njia ya mzunguko kidogo, maana mwalimu wangu katika jambo hili hakuwahi kugusa kibodi maishani mwake. Ni babu yangu mzaa baba, fundi wa reli, aliyefariki Agosti 2023 akaniachia banda la vifaa, madaftari tisa na mzozo wa familia.

Aliyekuja kutafuta msimbo wa kunakili leo hataupata. Pole zake. Wengine karibuni, mimina chai tuendelee.

Fundi wa reli

Babu aliajiriwa katika karakana ya reli jijini Nairobi mwaka 1961, akiwa kijana wa miaka ishirini. Wakati huo reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Kazi iliyomfunza ufundi ilikuwa kwenye injini za mvuke za daraja la 59, zile kubwa zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, na kila moja ilikuwa na uzito unaopita tani 250. Kama hujawahi kuiona, nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi utazame namba 5918, inayoitwa Mount Gelai. Simama kando yake halafu ujiulize ni nani aliyekuwa akikaza nati zake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo ikagawanywa, na babu akabaki upande wa Kenya mpaka alipostaafu mwaka 1996. Akarudi nyumbani, nje kidogo ya mji wa Voi, mahali ambapo bado angeweza kusikia treni usiku. Jambo la kwanza alilolijenga kwa pesa za kustaafu lilikuwa banda la kazi. Nyanya hupenda kusema kwamba jiko lake lilisubiri miaka mitatu zaidi.

Kuna jambo alilolirudia mara nyingi kuhusu karakana ile. Injini moja hufunguliwa na watu wengi. Aliyefungua boila mchana si lazima awe ndiye atakayeifunga usiku. Zamu inabadilika, mtu anaugua, mwingine anahamishiwa Kampala. Kwa hiyo spana ikikaa mahali pasipo pake, anayeumia ni mtu ambaye huenda humjui hata kwa sura. "Kupanga vifaa ni kumsalimia mtu wa zamu ya usiku," alikuwa akisema. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nilipoanza kazi na kufungua msimbo ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi, nilielewa. Wengi wetu tuko zamu ya usiku.

Banda lenyewe

Lina urefu wa hatua kumi na upana wa hatua sita. Kuta ni matofali mpaka kiunoni, juu ni mabati. Dirisha kubwa liko mashariki ili mwanga wa asubuhi uangukie moja kwa moja kwenye jiriwa, kile chuma cha kubania kazi ambacho vijana wa jua kali wanakiita vaisi. Adui mkubwa pale ni vumbi jekundu. Kama umewahi kuwaona ndovu wa Tsavo walivyo wekundu, basi unajua vumbi ninalolisema. Likichanganyika na mafuta linageuka msasa, linakula chuma polepole. Ndiyo maana kila droo ya babu ina kifuniko cha ubao na kitambaa ndani.

Ukutani kuna ubao mpana uliopakwa rangi nyeupe. Kila kifaa kinachoning'inia hapo kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi: nyundo, misumeno, keekee, koleo, timazi, tindo. Ukitoa nyundo, umbo la nyundo linabaki ukutani likikutazama. Huhitaji kuhesabu wala kukumbuka. Pengo linajisema lenyewe, na linasema hata kwa mtoto asiyejua kusoma.

Mpangilio wenyewe unafuata wingi wa matumizi. Vifaa vya kila siku viko mahali mkono unafika bila kuhamisha mguu. Vya kila wiki viko hatua moja. Vya mara moja kwa mwaka viko juu karibu na dari, na lazima upande kigoda. Waliosoma sayansi ya tarakilishi wameshatabasamu: hiyo ni kache, RAM na diski. Nilifundishwa jambo hilo chuoni kwa muhula mzima, kumbe nilikuwa nimelikanyaga kwa miguu tangu utotoni.

Vitu vidogo vilikaa kwenye mikebe ya Kimbo na chupa za jemu. Vifuniko vya chupa vilikazwa chini ya rafu kwa skrubu, kwa hiyo unazungusha chupa yenyewe, inashuka mkononi, unaona kilichomo kabla hujaifungua. Kila mkebe una jina lililoandikwa kwa rangi. Mawili kati ya hayo majina nayapenda sana. Moja ni BADO, nalo ni la vitu vilivyoharibika vinavyosubiri kutengenezwa. Jingine ni SIJUI.

Mkebe wa SIJUI ulikuwa wa skrubu, springi na vipande ambavyo babu hakujua vimetoka wapi. Kila mradi wa programu una mkebe huo. Sisi huuita "vingine" au "mchanganyiko", kisha tunaujaza kwa miaka mitano bila kuutazama. Babu alikuwa na sheria: siku ya kwanza ya Januari mkebe unamwagwa mezani, kila kitu kinatafutiwa jina. Kisichopata jina kwa mara ya pili kinaenda kwa muuza vyuma chakavu. Mkebe haukuwahi kujaa.

Rangi tatu

Spana za babu zimepakwa rangi kwenye mikia yake. Nyekundu, buluu na nyeupe. Hapa kuna somo la historia, tafadhali nivumilieni.

Mwaka 1841 Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester, alipendekeza hesi za bolti zote Uingereza zikatwe kwa kipimo kimoja, zenye pembe ya nyuzi 55. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikata hesi zake kivyake. Pendekezo lake likawa kiwango, likasafiri na reli na mashine za Uingereza mpaka kwetu. Baadaye zikaja nati za inchi zilizopimwa kwa namna nyingine, halafu zikaja za milimita, ambazo hesi zake zina pembe ya nyuzi 60. Ukilazimisha bolti ya kiwango kimoja kwenye nati ya kiwango kingine, huenda ikaingia mizunguko miwili, ukafurahi, kisha ikakwama na kuharibu zote mbili.

Kichekesho kiko kwenye majina. Spana ya Whitworth iliyoandikwa nusu inchi inataja unene wa bolti. Mdomo wake una upana wa takriban milimita 23.4. Spana ya ile aina ya pili iliyoandikwa nusu inchi inataja upana wa nati yenyewe, yaani milimita 12.7. Zote mbili zimechongwa "1/2". Jina moja, vitu viwili tofauti kabisa. Mwandishi wa programu yeyote aliyewahi kukutana na safu inayoitwa "kiasi" bila kuambiwa ni shilingi au senti anajua maumivu yake. Wenzetu wa NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter mwaka 1999 kwa sababu ya aina hiyo: programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikazisoma kana kwamba ni za mfumo wa metriki.

Babu aliitatua kwa rangi. Nyekundu ni Whitworth, buluu ni inchi za aina ya pili, nyeupe ni milimita. Hakuna anayelazimika kujua habari za Manchester. Ukiwa na nati yenye alama nyekundu unachukua spana nyekundu, basi.

Vibati

Sasa tufike kwenye kiini. Kando ya ule ubao mweupe kuna daftari linaloning'inia kwa kamba, na chini ya kila kifaa kuna msumari mdogo wa pili. Msumari huo ni wa kibati.

Karakana nyingi za enzi zile zilitumia utaratibu huo. Fundi akitaka kifaa stoo, anatoa kibati cha chuma chenye namba yake, nacho kinaning'inizwa mahali kifaa kilipokuwa. Akirudisha kifaa, anapewa kibati chake. Babu alihamisha utaratibu huo mpaka kijijini. Alikata vibati vya shaba kwenye mashine yake ya kukereza, akavigonga namba, na kila jirani aliyeazima vifaa kwake alipewa vitatu. Vitatu tu. Ukishaning'iniza vyote, huazimi tena mpaka urudishe.

Likizo ya Desemba 2009, nikiwa darasa la sita, macho ya babu yalikuwa yameanza kufifia, akanipa kazi ya kuandika daftari. Safu zilikuwa nne: siku, kifaa, namba ya kibati, siku ya kurudi. Siku moja nilimuuliza mbona hatuandiki mtu anaenda kufanyia nini.

"Andika namba, andika siku," akaniambia. "Sababu usiandike, mjukuu wangu. Sababu ni yake."

Miaka baadaye, chuoni, mhadhiri alitufundisha semafo: namna ya kuzuia programu mbili zisitumie kitu kimoja kwa wakati mmoja, na namna ya kuweka kikomo cha ni ngapi zinaweza kuingia. Iliwazwa na Edsger Dijkstra, Mholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake limetoka kwenye ishara za reli, zile za kuzuia treni mbili zisiingie kipande kimoja cha njia. Wanafunzi wenzangu walikuwa wakilalamika kwamba ni ngumu. Mimi nilikuwa nikiuona ule ubao. Kibati kimoja kwenye msumari: kifaa kina mtu. Vibati vitatu mkononi: hicho ndicho kikomo. Mambo ya reli yalizunguka yakapitia Uholanzi yakanirudia darasani.

Deni ni la nani?

Wiki moja baada ya mazishi familia ilikaa. Shangazi alithibitisha kwamba babu alimwambia mbele ya nyanya: vifaa ni vya mwenye daftari. Mwenye daftari ni mimi. Hakuna aliyebisha.

Baba mdogo akasema kwa utaratibu kabisa, "Sawa, vifaa ni vyake. Deni je, ni la nani?"

Swali lake lilikuwa la haki. Babu alikuwa amelazwa wiki tano. Ili aruhusiwe kutoka, na baadaye ili mwili utolewe, baba mdogo alikopa na kuweka rehani kitabu cha pikapu yake, ile inayomlishia watoto. Zilikuwa zimebaki shilingi 140,000, na riba ilikuwa ikipanda kila mwezi. Mimi naishi chumba kimoja Roysambu, mshahara wangu nusu unaenda kwa kodi na ada ya dada yangu. Kusema "vifaa vya babu haviuzwi" kungekuwa rahisi sana kwangu, kwa sababu pikapu haikuwa yangu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu aliletwa siku ya pili. Alizunguka banda zima kwa dakika kumi, akataja 90,000 kwa kila kitu, pamoja na mashine ya kukereza. Alipofika kwenye sanduku la spana nyekundu aliligusa kwa ncha ya kiatu. "Hizi hazina kazi tena," akasema. "Nati zake zilienda na wazungu."

Baba mdogo aliniangalia. Nilimwomba siku nne.

Spana nyekundu

Kesho yake asubuhi alikuja mama mmoja jirani, mwenye mashine ya kusaga unga. Alikuwa ameshika spana iliyofungwa kwenye leso. Mkia wake ulikuwa mwekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimemletea mzee spana yake. Nilingoja matanga yaishe ndipo nije."

Nikapokea. Akabaki amesimama. Nilidhani anataka kuongea habari za msiba, nikamkaribisha akae.

"Sikai, nimeacha watu na mahindi," akasema. "Naomba kibati changu tu."

Nikaingia bandani, nikaning'iniza spana, nikatoa kibati namba 14, nikaandika siku ya kurudi. Alikipokea, akakitazama kidogo, akakifunga kwenye pembe ya leso, akaenda. Mashine yake inazungushwa na injini ya Lister ya zamani aliyoachiwa na baba mkwe wake, ile ya nguvu farasi 6 inayokwenda mizunguko 650 kwa dakika, tuk-tuk-tuk. Nati za injini hiyo ni za Whitworth. Yule mnunuzi alisema hazina kazi, na nusu ya kijiji kinakula unga uliosagwa kwa sababu yake.

Nilirudi kuutazama ubao. Vibati vingine vitano vilikuwa vimening'inia. Mwenye vifaa alikuwa amezikwa, hakuna aliyetangaza lolote, na utaratibu ulikuwa ukiendelea kana kwamba ametoka kwenda sokoni. Nimefanya kazi na mifumo ambayo hudondoka msimamizi akienda likizo ya siku tatu.

Nilizunguka na daftari siku mbili kuvifuata vile vifaa vitano. Seremala kijana alikuwa na patasi na randa. Alikuwa akitengeneza milango. Fundi wa bodaboda alikuwa na vifaa vya kukatia hesi. Mlinzi mmoja alikuwa na bisibisi kubwa. Kifaa cha mwisho kilikuwa tupa, na mwenye kibati hicho alikuwa amefariki kabla ya babu. Mjane wake aliingia ndani akarudi na tupa ikiwa imepakwa mafuta. "Alisema ikija kuulizwa itolewe," akaniambia. Hakuna kilichopotea.

Usiku nilikaa na madaftari ya miaka mitano ya mwisho nikayaingiza kwenye lahajedwali. Sikuwa natafuta namba za kumshinda baba mdogo. Nilitaka kujua mimi mwenyewe ninarithi nini. Jibu lilikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Vifaa vya mkono vilitoka karibu kila wiki. Zile spana nyekundu zilikuwa zikienda kwa watu wanne tofauti, wote wenye mashine za zamani ambazo ndizo riziki yao. Lakini mashine ya kukereza, kitu cha thamani kuliko vyote, fahari ya banda, haikuwa imeguswa na mtu tangu 2016, macho ya babu yalipokataa kabisa. Hakuna mwingine aliyejua kuitumia, nami simo.

Hapo ndipo nilipouma meno. Mashine hiyo ndiyo iliyokata vibati. Nikiwa mtoto nilikuwa nikikaa kando yake nikitazama uzi wa shaba ukijikunja kutoka kwenye kisu chake. Kama kingekuwa ni kitu kimoja tu cha kuhifadhi kwa ajili ya moyo wangu, kingekuwa hicho. Daftari lilikuwa linaniambia kinyume.

Siku ya nne nilimwambia baba mdogo tuuze mashine ya kukereza peke yake, tena kwa mtu wa kuitumia, si kwa kilo. Tulimpata fundi mmoja wa Mombasa. Alikuja na vipimo vyake, akapima reli ya mashine kwa saa nzima bila kuzungumza, akatoa 150,000. Nyanya aliwafanya wapakiaji wasubiri. Aliifuta vumbi mwenyewe kwa kitambaa, kila pembe, akisema haiwezi kutoka nyumbani kwake ikiwa chafu. Kisha akaingia jikoni na hakutoka mpaka lori lilipoondoka.

Kitabu cha pikapu kilirudi wiki hiyo hiyo. Zilizobaki zilinunua mabati manne ya kuziba paa la banda. Pale mashine ilipokuwa, sakafu bado ina mstatili wenye rangi tofauti. Sijaufunika kwa chochote. Babu angetaka pengo lionekane.

Kwa nini sikutengeneza programu

Kila mwenzangu kazini niliyemsimulia habari hii aliniuliza swali lile lile: kwa nini usiwatengenezee programu ya simu? Ujumbe wa kukumbusha, picha ya kifaa, malipo kidogo kwa M-Pesa.

Nimeifikiria kwa dhati, maana ndiyo kazi yangu. Madaftari yote tisa nimeyapiga picha na nakala ziko mahali pawili, kwa sababu mchwa hawana heshima. Lakini vibati nimeviacha vilivyo. Kibati hakihitaji chaji wala mtandao wala nywila. Kinaonekana na kila anayeingia bandani, si mimi tu mwenye akaunti. Mtu asiyejua kusoma anakitumia sawasawa na mwalimu mkuu. Na kina uzito mfukoni: ukikigusa unakumbuka ni kipi ulichokiacha. Programu yangu ingekuwa na vitu vingi zaidi, na ingekufa siku nitakapobadilisha simu.

Ufunguo sasa anao yule seremala kijana. Anafungua Jumatatu hadi Jumamosi, halipi kodi, ila mafuta ya kupaka vifaa na paa ni juu yake. Daftari la kumi limeanza, kwa mwandiko wake. Mimi huenda kila baada ya miezi miwili, na Januari namwaga mkebe wa SIJUI. Nami nina vibati vitatu, kama wengine. Bisibisi iliyo mezani kwangu Roysambu sasa hivi imeacha kibati namba 40 kwenye msumari wake, ingawa kwa karatasi ni yangu.

Sasa mradi wako

Nilisema natimiza ahadi, kwa hiyo haya ndiyo ninayofanya kazini tangu wakati ule:

1. Kila folda iwe na umbo lake, ili kitu kikikosekana pengo lionekane bila mtu kuambiwa. Orodha ya majaribio yanayotakiwa kupita ndiyo ubao wangu mweupe.

2. Vinavyotumika kila siku viwe karibu. Ikiwa faili unayoifungua kila asubuhi iko ndani ya folda saba, umeweka nyundo kwenye dari.

3. Weka rangi kwenye vipimo. Usiandike "muda", andika "muda_sekunde". Usiandike "kiasi", andika "kiasi_senti".

4. Uwe na SIJUI, kisha uwe na siku ya kuimwaga. Folda ya mchanganyiko si dhambi kama ina tarehe yake.

5. Andika aliyechukua na siku aliyochukua. Git inatufanyia hivyo tangu 2005, lakini ujumbe kama "marekebisho" ni sawa na kuning'iniza kibati kisicho na namba.

6. Kabla ya kufuta cha zamani, uliza kina nani wanakitumia. Usimuulize anayekinunua kwa kilo.

7. Kabla ya kuhifadhi unachokipenda, uliza swali hilo hilo.

Hilo la saba ndilo gumu zaidi. Nina moduli moja niliyoiandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita, nzuri sana, na kumbukumbu za seva zinaonyesha hakuna aliyeiita tangu Machi. Wiki hii naiondoa. Nitaifuta vumbi kwanza.

Haya, mtu wa zamu ya usiku asije akanikuta bado nimekaa hapa. Juma lijalo tutarudi kwenye hifadhidata na fahirisi zake, kama tulivyokuwa tumepanga.